Mwalimu wa Bagamoyo, lektori wa Berlin

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni nilipata kazi ambayo mpaka leo sijui niiite nini. Kila ikifika mwezi wa sita walikuja wanafunzi wa vyuo vikuu vya nje, wengi Wazungu, kusoma Kiswahili kwa wiki nane. Mimi na wenzangu wanne tuliajiriwa "kuongea nao". Ndivyo tulivyoambiwa, kwa maneno hayo hayo. Asubuhi mwalimu aliwafundisha ngeli. Mchana sisi tuliwapeleka sokoni, tukakaa nao mgahawani, tukawasahihisha wakisema "kitabu yangu". Shilingi elfu tano kwa saa, malipo mwisho wa mwezi, na mara nyingine mwisho wa mwezi unaofuata.

Siku moja dada mmoja Mjerumani aliniuliza: kwa nini mnasema "rafiki yangu amekuja"? Ukisema "yangu" umelipeleka neno ngeli moja, ukisema "amekuja" umelirudisha nyingine. Mbona neno moja linakaa nyumba mbili? Nikabaki kumwangalia. Kanuni yenyewe alikuwa nayo kwenye daftari, imepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Alichotaka ni kusikia mwenye lugha anasemaje, na mwenye lugha hakuwa na la kusema zaidi ya "ndivyo tunavyosema".

Mwisho wa kozi vikatolewa vyeti. Jina la mwalimu lilikuwepo, la mratibu lilikuwepo, muhuri wa chuo ulikuwepo. Sisi watano hatukuwepo popote. Sikuumia sana wakati ule, maana kilichokuwa kinanikera ni kodi ya chumba. Ni baada ya miaka kadhaa, nikiwa tayari kwenye kazi hii ya habari, ndipo nilipokutana na kitabu cha mtu wa Bagamoyo nikagundua kwamba kazi ile ina historia. Tena ina zaidi ya miaka mia, na ilianzia mbali sana na soko nililokuwa nawapeleka wale wageni.

Tuanzie Berlin, mwaka 1887. Mwaka huo ilifunguliwa pale Seminari ya Lugha za Mashariki, chini ya Chuo Kikuu cha Berlin, mkurugenzi wake akiwa Eduard Sachau, bingwa wa lugha za Kisemiti. Vyuo vikuu vya Ulaya vilikuwa vimefundisha lugha za kigeni kwa karne nyingi, lakini zile zilikuwa hasa lugha za vitabu: Kilatini, Kigiriki, Kiebrania, Kiarabu cha maandiko. Mwanafunzi alisoma ili aweze kusoma zaidi. Seminari ya Berlin ilikuwa na shabaha nyingine. Dola la Bismarck lilihitaji wakalimani, mabalozi na maofisa wanaoweza kufungua mdomo wakaeleweka, kwa hiyo zikafundishwa lugha zinazosemwa: Kichina, Kijapani, Kihindustani, Kiarabu, Kiajemi, Kituruki. Na Kiswahili.

Kiswahili kilipataje kiti katika baraza hilo? Jibu ni fupi. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alikuwa amezunguka Usagara, Uzigua, Ukami na Nguru na karatasi zake za mikataba, na Februari 1885 Kaisari akaipa kampuni yake hati ya ulinzi. Walikuwa na nchi, au walidhani wanayo. Kilichokosekana ni watu wa kuitawala kwa lugha inayosikika humo. Mwaka 1888 pwani ikawaka moto, Abushiri akawatoa jasho, na Desemba 1889 akanyongwa Pangani. Mwanzoni mwa 1891 serikali yenyewe ikachukua koloni mikononi mwake. Tangu hapo ofisa aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam au Tabora alitazamiwa awe ameonja Kiswahili kabla ya kupanda meli. Wakasoma maofisa wa jeshi, wanasheria, wamisionari, wafanyabiashara.

Mwalimu wa kwanza alikuwa Carl Gotthilf Büttner, mmisionari. Kazi yake ya umisheni aliifanya kusini-magharibi ya Afrika kwa Waherero, siyo pwani yetu. Nalitaja hili bila kejeli (sawa, kejeli kidogo). Mtu anaweza kujua sarufi ya lugha kwa undani kupitia vitabu, na vitabu vilikuwepo: kamusi ya Krapf ilikuwa imetoka 1882, mwongozo wa Askofu Steere tangu 1870. Ila kitabu hakina koo. Mwanafunzi akitaka kujua "ng'ombe" inatokaje puani, Steere hamsaidii. Na barua za majumbe na maliwali zilikuwa zinaandikwa kwa herufi za Kiarabu, kila mtu na mwandiko wake, wengine kama wameukimbiza mkono. Huyo ofisa atazisomaje?

Hapo ndipo inapoingia nafasi iliyoitwa lektori. Utaratibu wa seminari ulikuwa hivi: kila lugha iwe na mwalimu Mjerumani wa kueleza kanuni, na pembeni yake awepo mtu aliyezaliwa na lugha hiyo, wa kutamka, kusomesha barua na kuzungumza na wanafunzi. Mwalimu ndiye mwenye somo. Lektori ni kama kitabu kinachopumua.

Wa kwanza wa Kiswahili walitoka Unguja. Alikuwepo Sleman bin Said, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1890 akaja Amur bin Nasur. Amur alifanya jambo moja ambalo pengine hakuna aliyemtuma alifanye kwa namna ile: aliandika. Aliandika maisha yake na aliyoyaona Berlin, na Büttner akayaingiza katika mkusanyo wake wa fasihi ya Kiswahili uliotoka 1894, Büttner mwenyewe akiwa ameshafariki. Yaani miaka sitini na kitu kabla ya uhuru wetu tayari kuna Mswahili anayeutazama mji mkuu wa watawala na kuusimulia kwa Kiswahili. Sisi tuliozoea kusoma habari za Wazungu waliotuzuru tungefaa kumsoma na Amur pia.

Baada ya Büttner kiti kikachukuliwa na Carl Velten, aliyekuwa amefanya kazi ya ukalimani serikalini huku Dar es Salaam. Velten alikuwa na jicho. Aliona kwamba wanafunzi wanahitaji matini, na matini bora ni ya wenyewe, akawaandikisha watu. Mwaka 1901 akatoa *Safari za Wasuaheli*, ambamo Selim bin Abakari, Mngazija, anasimulia safari yake ya mwaka 1896 kwenda Urusi hadi Siberia akimfuata bwana wake Mjerumani. Mngazija kwenye theluji ya Siberia, jamani, na anaisimulia kwa Kiswahili cha kawaida kabisa. Katika kitabu hicho hicho kuna safari ya Udoe na Uzigua iliyoandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari, na huyu ndiye ninayemtaka.

Mtoro alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, kwenye miaka ya 1860 mwishoni. Alisoma elimu ya dini Bagamoyo mjini, akawa mwalimu. Hapa nisimame kidogo kwenye neno moja, maana msomaji wa leo anaweza kulipita asilione. Kwa Mtoro na watu wa wakati wake, chuo ndipo mtoto anapopelekwa kusoma Kurani. Mtoto "anatiwa chuoni", akihitimu anasherehekewa, na aliyebobea anaitwa mwanachuoni. Chuo kikuu tumekipachika juu yake baadaye tu. Sasa fikiri: mtoto wa Kizaramo au wa Kishomvi anayetiwa chuoni Bagamoyo anafanya nini? Anajifunza lugha ya pili. Anaanza na herufi, anakwenda kwenye matamshi, anaadhibiwa akikosea, na kama ana bahati na bidii anafika kwenye nahau, yaani sarufi ya Kiarabu yenyewe. Kwa hiyo Mtoro alipofika Berlin mwaka 1900 kuwa lektori, hakuwa mtu aliyeokotwa bandarini kwa sababu ana mdomo wa Kiswahili. Alishajifunza lugha ya kigeni kwa utaratibu na kusomesha watoto wa watu. Bagamoyo alikuwa mwalimu. Berlin akawa lektori. Cheo kimeshuka na elimu ni ile ile.

Mwaka 1903 kikatoka *Desturi za Wasuaheli*. Kama hujakishika kitabu hiki, kitafute. Kuna mambo ya uzazi, michezo ya watoto, jando na unyago, posa na harusi, ngoma, pepo na waganga, safari za bara na Wanyamwezi, utumwa na aina zake, mazishi, na mwisho sheria za kimila. Waandishi wake ni zaidi ya mmoja lakini uti wa mgongo ni Mtoro. Kinaeleza mambo kwa utulivu wa mtu anayejua anachokisema, hakimuombi msomaji msamaha, na mara nyingine hakimwelezi kila kitu. Mimi niliposoma sehemu za utumwa nilitaka akasirike. Hakasiriki. Anaeleza nani anakaaje na nani, nani anamwamkia nani kwanza, anaendelea mbele. Sikubaliani naye, ila nimejifunza kwake kuliko kwa wengi waliokasirika.

Na kilikuwa kitabu cha darasa. Wanafunzi waliokuwa wanajiandaa kwenda kutoza kodi Kilwa au Songea walijifunza Kiswahili kwa kusoma jinsi harusi inavyofanyika. Jaladani limeandikwa jina la Velten.

Mwaka 1904 Mtoro akaoa Berlin. Mkewe, Bertha Hilske, alikuwa Mjerumani. Kama ulidhani seminari iliyojaa wataalamu wa tamaduni za watu ingempongeza, subiri. Ndoa ilileta maneno, darasani baadhi ya wanafunzi wakamvunjia heshima, na kazi yake pale ikaishia. Hebu tukione kinyume chake kilivyokaa: vijana wamelipiwa na dola wajifunze Kiswahili, na sehemu ya Kiswahili, yeyote wa pwani atakwambia, ni jinsi ya kumwamkia mwalimu. Waliyapata maneno. Adabu iliyomo ndani yake wakaiacha juu ya dawati.

Mwaka 1905 Mtoro na Bertha wakapanda meli kurudi kwao Mtoro. Serikali ya koloni, chini ya gavana von Götzen, ikakataa. Mtu mweusi na mke mweupe hawatashuka pamoja. Mwaka uliofuata ndoa za namna hiyo zikapigwa marufuku rasmi katika koloni. Jaribu kuipiga picha hiyo: mtu ameandika kitabu kizima cha desturi za pwani yake, ameshafika mlangoni, upepo wa kwao unampiga usoni, anarudishwa. Na wanaomzuia ni serikali ile ile ambayo maofisa wake walijifunza lugha kwa sauti yake. Wakarudi Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927 bila ya kuiona Bagamoyo tena.

Katikati alipata kazi Hamburg. Mji huo ulikuwa umefungua Taasisi ya Kikoloni mwaka 1908, na mwaka uliofuata Carl Meinhof, aliyekuwa mkubwa wa lugha za Kibantu Ulaya nzima, akahamia huko. Mtoro alifanya naye kazi ya usaidizi wa lugha kwa miaka kadhaa kabla ya vita. Hamburg mambo yakaenda hatua nyingine: mwaka 1910 ikaanzishwa maabara ya fonetiki chini ya Mtaliano Giulio Panconcelli-Calzia, ambamo pumzi na mtetemo wa sauti vilipimwa kwa mashine na kuchorwa kwenye karatasi. Kisayansi ni jambo kubwa, na mengi tunayoyajua kuhusu sauti za lugha zetu yana mizizi huko. Ila najiuliza ingekuwaje kukaa mbele ya mashine ukiambiwa sema "baba", rudia, sema tena. Mimi nililipwa kusema "ndivyo tunavyosema". Angalau hakuna aliyenipima pumzi. Taasisi ile ndiyo mwaka 1919 ilikuja kuingizwa katika Chuo Kikuu cha Hamburg, na lugha za Kiafrika bado zinasomwa pale.

Mwaka huo huo wa 1919 Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake. Ungedhani darasa la Kiswahili Berlin lingefungwa. Wapi! Liliendelea, maana walikuwepo waliokuwa wanaota kurudi. Na lektori akapatikana mpya.

Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari mwenye asili ya Sudan. Vita vilipoanza 1914 alikuwa na miaka 10, na bado aliingia katika jeshi la von Lettow-Vorbeck. Mwaka 1929 akafika Berlin, na moja ya mambo aliyoyafuatilia ni mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamkatalia. Akabaki. Akawa mhudumu katika jumba la starehe lililoitwa Haus Vaterland, akaigiza filamu nyingi katika nafasi ndogondogo, mara mtumishi, mara askari, na pamoja na hayo yote akawa anafundisha Kiswahili pale pale seminarini alipofundisha Mtoro. Mwanzoni mwa 1933 alimuoa Maria Schwandner.

Mwezi huo huo Hitler akaingia madarakani. Miaka ikawa inabana. Seminari ikabadilishwa jina na kupangwa upya kuitumikia dola mpya, na Husen bado anatamka, bado anasahihisha. Mwaka 1941 ilitoka filamu kuhusu Carl Peters, yule yule wa mikataba, na Husen alikuwemo. Mwaka huo huo kazi yake chuoni ikakoma, akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944. Tangu 2007 kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake kwenye njia ya miguu huko Brunnenstraße 193, alipokuwa akiishi. Bila kuinama hulisomi.

Naweza kusikia msomaji akisema: hayo ni ya Wajerumani wa enzi zile. Waingereza nao walifungua shule yao ya lugha za Mashariki London mwaka 1917, Alice Werner akafundisha humo Kiswahili, kwa haja zisizotofautiana sana na za Berlin. Wamarekani waliamka baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kugharamia lugha vyuoni kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na Kiswahili kikafaidika. Kisha kwenye miaka ya 1960 mwishoni vijana Weusi wa Marekani wakaanza kukidai Kiswahili kwa sababu ambayo hakuna wizara iliyoipanga: walitaka lugha ya Afrika kwa ajili ya nafsi zao. Napenda kuamini kwamba huko ndiko Kiswahili kilipoanza kusomwa chuoni na watu wasiotaka kumtawala anayekisema. Lakini ofisi ya lugha, huku profesa wa sarufi na kule msaidizi "mzawa" wa mkataba, imesafiri vizuri sana. Imefika mpaka kwetu, mahali ambapo kila mtu ni mzawa. Ndiyo maana mimi nilikuwa naongea na mwalimu alikuwa anafundisha.

Sidai kwamba kuzaliwa na lugha kunatosha kuifundisha. Swali la rafiki yangu lilinifunza hilo. Mtu aliyesoma ngeli miaka mitano ana haki ya kuitwa mwalimu. Tatizo langu ni kwamba Mtoro alikuwa na vyote viwili, ulimi na elimu, na bado alihesabiwa ulimi.

Mwaka 1981 Chuo Kikuu cha California kilichapisha tafsiri ya Kiingereza ya *Desturi*, kazi ya J. W. T. Allen, mtu aliyetumia maisha yake kukusanya miswada ya Kiswahili. Safari hii kitabu kimeandikwa kwenye jina lake lenyewe kuwa ni cha Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Miaka 78 tangu lile jalada la kwanza. Nilikisoma kwa kuazima, siku tatu, kwa sababu mwenyewe alikuwa anakihitaji.

Mwaka jana yule dada Mjerumani aliniandikia. Siku hizi anafundisha Kiswahili kwao, na kweli anakifundisha vizuri, barua yake haikuwa na kosa hata moja. Anatafuta mtu wa kuzungumza na wanafunzi wake kwa njia ya mtandao, saa mbili kwa wiki, malipo mazuri kuliko ya zamani. Nikamjibu kwamba niko tayari, ila naomba kujua jina langu litaandikwa wapi kwenye ratiba ya somo, na kwa cheo gani. Alijibu siku ile ile. Akasema swali ni zuri, hajawahi kuulizwa, na itabidi kwanza aulize ofisini.